Mguu wa Kushoto wa Nuru

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha juu ya paa bapa la nyumba yetu, Mji wa Kale, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Ami Swaleh, ndugu mdogo wa baba, alikuwa amemaliza kuipaka mashua yake ndogo ya mashindano, na rangi ya buluu iliyobaki koponi nikaiomba mimi. Nilichora mashua nzima sakafuni, kwa urefu na upana wake, kisha nikachora nyayo: zangu nyuma, penye usukani, na za binamu yangu Nuru katikati, penye kamba za matanga. Jua lilipopiga, rangi ilinuka mpaka ngazini, na mama akalalamika kwamba khanga alizoanika zinanuka kama gereji.

Mashua ile ilitaka watu watatu, nasi tulikuwa wawili, tena wasichana. Ami alitupa sharti moja: tubishe vizuri mbele ya watu siku ya mashindano, la sivyo kiti kimoja atampa mwingine. Kubisha ni kupanda upepo kwa kwenda mshazari, huku na huku, na kila kona ni mtihani, kwa maana chombo hugeuka kwa kupita uso kwa uso na upepo, na kikikosa mwendo hapo, husimama. Hatukuwa na mwalimu. Nilijifunza kwa video za simu ya mama, bila sauti, nikitazama miguu na mikono tu, na kila nilichokiona nikakiandika daftarini. Ongeza mwendo kabla ya kona. Sukuma usukani taratibu, usiushtue. Tanga la mbele usiliachie mpaka lianze kupigapiga. Vuka umeinama, mguu wa kulia ukitangulia. Kamba usiikaze mpaka upepo ujae upande wa pili. Watu wawili wakiyafanya hayo kwa pamoja, hawamhitaji wa tatu.

Kila alasiri tukitoka chuoni kusoma Kurani, Nuru alivuka mashua ile ya rangi huku nikimhesabia. Akikosea, tulirudi mwanzo. Yeye alikuwa na kipaji ambacho mimi sikupewa: aliujua upepo kwa shavu, kabla bendera hazijatikisika. Lakini mguu wake wa kushoto ulipenda kutangulia.

"Mguu gani huo?" nilimkaripia.

"Si nimefika lakini?"

"Hukufika sawasawa. Rudi."

"Wallahi Rukia, wewe hata ukifa utamkosoa mwosha maiti."

Nilicheka, kisha nikamrudisha mwanzo.

Siku ya mashindano watu walijaa kwenye ukuta wa ufukweni. Tulibisha kona tano bila kosa, na tukawa wa pili, nyuma ya mashua moja tu. Katika kona ya sita, karibu na boya la mwisho, Nuru alivuka kwa mguu wa kushoto. Alikuwa ameshavuka, kamba mkononi, na chombo kilikuwa kinageuka vizuri. Nami, badala ya kukiacha kigeuke, nikapiga kelele, "Wa kulia!" na mkono wangu ukaurudisha usukani katikati, kana kwamba tuko juu ya paa na tunaanza upya. Mashua ikasimama. Matanga yakapigapiga kama nguo kambani, tukaanza kurudi kinyumenyume. Mashua nne zilitupita, na vijana wa moja wakatupigia kelele, "Tieni nanga, dada zetu, mpike na chai!"

Kutoka ufukweni Ami aliona matanga tu. Mkono wangu hakuuona. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema kwa upole. "Lakini niambie, mwanangu, ilikuwaje?"

"Nuru amekosea mguu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nilisema bila kigugumizi. Nuru alinitazama, kisha akainama akaanza kukunja tanga. Kiti chake alipewa binti wa jirani. Mimi niliendelea misimu miwili, nikapata kikombe ambacho mama amekiweka kabatini, nami sikitazami. Wazee husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa Nuru ulikuwa mwisho. Hakupanda chombo tena.

Mwezi uliopita, katika barabara ya Ndia Kuu, nilimwona Nuru akishuka kwenye tuktuk na mwanawe. Siku hizi anakaa mtaa wa Buxton. Tuliamkuana kwa kirefu, za nyumbani, za mama, za watoto, na yalipokwisha hayo nikamwambia habari ya mkono wangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka. Hata ukurasa huu nimeuandika upya mara saba.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nilikuwa nimekukabili. Niliuona usukani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akamshika mwanawe mkono. "Haya, nisalimie mama yako." Hakunikaribisha kwake.

Nilirudi nyumbani nikapanda juu ya paa. Mashua yangu imefifia, lakini nyayo za penye usukani bado zaonekana, zimepangwa sawasawa. Katikati pamewekwa tangi la maji, na nyayo za Nuru ziko chini yake.