Maji ya Pikipiki na Miche ya Mikarafuu

Nakumbuka asubuhi moja kule Kinole, mwanangu, nimechuchumaa kwenye kitalu changu cha mikarafuu, nanusa majani ya miche, na majani yananuka mafuta ya taa.

Nikueleze kwanza nyumba zetu zilivyokaa. Mlimani tunajenga kama ngazi, uwanja wa jirani wa juu unakuwa karibu sawa na paa lako. Juu yangu aliishi kaka Shabani, kijana aliyenizidi umri kidogo, mwenye pikipiki ya kupeleka ndizi na mananasi mjini Morogoro. Kila Ijumaa asubuhi aliisafisha uwanjani kwake. Alipaka mafuta ya taa kwenye cheni na chini ya injini, akasugua kwa brashi mpaka grisi ikalegea, kisha akamwaga ndoo za maji ya sabuni ya unga. Pikipiki iling'aa. Maji meusi yaliteremka mpaka kwangu.

Nami nilikuwa mtu wa aibu. Nilimaliza darasa la saba bila kunyoosha mkono hata mara moja. Kumwendea Shabani na kumwambia ananiharibia kulinishinda. Nikachimba mfereji mdogo, mvua ikaufukia, nikachimba tena. Miche ya ukingoni ikaanza kuwa njano. Hapo nikaona njia rahisi kuliko kusema: nikaacha kumsalimia. Akipita, nainama kama ninayetafuta kitu chini.

Na miche ile haikuwa ya mchezo. Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama, na mjomba wangu alikuwa ameniahidi kipande cha mlimani iwapo masika yatanikuta na miche ya kukijaza. Nikishindwa, angepewa mtoto wa mama mdogo.

Mjomba alifika asubuhi hiyohiyo. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yake yako kwenye majani.

"Hapa pananuka kibatari. Miche yako inasoma usiku?"

"Ni maji ya pikipiki, mjomba. Ya Shabani."

"Umemwambia?"

Nikaanza kung'oa gugu lililokuwa karibu.

"Yeye anajua kama una kitalu hapa?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Kitalu nilikuwa nimekifunika kwa majani ya migomba yapate kivuli. Kwa mtu wa juu, lilikuwa lundo la majani makavu tu.

Mjomba hakunipigia kelele. Alikaa kwenye jiwe, akasema, "Yeye anakuharibia bila kujua. Wewe unamkasirikia bila kumwambia. Nenda. Mimi sipandi, magoti yamechoka, na mdomo wa kulisema ni wako, si wangu."

Nikapanda. Shabani alikuwa amesimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, suruali ameikunja magotini.

"Karibu, bwana mkubwa," akasema bila kuinua kichwa. "Ulichokuwa unakitafuta chini umekiona?"

"Habari za asubuhi, kaka."

"Nzuri. Nilidhani pikipiki yangu inakuuma roho, maana siku hizi hunijui."

Nikachuchumaa upande wa pili wa gurudumu, nikaokota mswaki mkuukuu aliokuwa nao hapo, nikaanza kusugua cheni. Akanitazama, kisha akawa analizungusha gurudumu polepole ili cheni inifikie. Tukaendelea hivyo. Na kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye grisi, si usoni pake, mdomo ukafunguka.

"Kaka, maji haya yanashukia kwenye miche yangu ya mikarafuu. Inakufa."

Gurudumu likasimama. Shabani akaenda ukingoni, akachungulia chini, akarudi taratibu.

"Yale majani makavu ni kitalu?"

"Ndiyo."

"Na umekaa nalo muda wote huu? Wewe mtu wewe. Ungenikasirikia siku moja tu, yakaisha."

Ndoo iliyokuwa inasubiri hakuimwaga. Akaisukuma pikipiki mpaka upande wa barabarani, penye tambarare, akaweka dumu lililokatwa chini ya cheni likinge mafuta, akamwaga unga wa mbao unyonye matone. Kisha akateremka kwangu na koleo lake. Tulihamisha miche kwenye udongo mpya mpaka adhana ikatukuta, mjomba akiwa bado jiweni anatuelekeza.

Mingi ya ukingoni haikupona. Masika yalipoanza, iliyobaki haikutosha kipande, na mjomba akakigawa: nusu yangu, nusu ya mtoto wa mama mdogo. Kila nikivuna naitazama ile nusu nyingine, na simlaumu Shabani. Ilipotea wakati nimekaa kimya.

Kwa hiyo mwanangu, ukisafisha pikipiki yako nyumbani, kinga mafuta, na kabla ya kumwaga ndoo tembea kidogo uone maji yanaishia kwa nani. Na ukiwa wewe ndiye wa chini, sema mapema, jambo likiwa bado dogo na sauti yako bado haina hasira. Ukiona haya kumtazama mtu usoni, shika naye kazi yake, useme huku mikono inafanya kazi. Hakuna atakayekucheka.

Mwenyezi Mungu akujalie ulimi usioogopa kudai haki na usioumiza jirani, na ulichokipanda ukione kikikua chote. Amina.