Ugaga wa Dada

Huku kwetu Ufipa mtu haendi kwa daktari wa meno kusafishwa. Anaenda kung'olewa, tena baada ya shavu kuvimba na maji ya chumvi kushindwa. Ndivyo dada yangu alivyopoteza magego yake yote. Likiuma, linatoka. Akabaki na meno ya mbele tu, na hayo alikuwa hataki mtu ayaguse.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa sijasimama vizuri, na dada, binti mdogo mwenyewe, akanibeba mgongoni. Ugali wa ulezi niliumeza bila shida, lakini mahindi ya kuchoma na nyama, siku ilipopatikana, alitafuna yeye kwanza, akatoa kinywani mwake akanilisha. Najua vijana wa leo watakunja uso wakisoma hapa. Wakunje tu. Mimi nimekua kwa meno ya yule mwanamke na sioni cha kuonea aibu.

Mwaka huu, baridi ilipopamba moto, alikuja kututembelea hapa Kizwite. Asubuhi ya kwanza nikamwona anachovya mkate kwenye chai na kuunyonya, na kila alipoutoa mdomoni ulikuwa na damu. Fizi zilikuwa zimevimba. Nikamwambia tutakwenda kusafisha meno. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Huu ugaga ndio unaoyashika," akasema, akigonga kwa ukucha ile njano ngumu iliyoganda nyuma ya meno ya chini. "Ukiutoa, yanaanguka. Jirani yangu alisafishwa, mwezi haukuisha akabaki na pengo."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mke wangu amekwishazizoea. Nikabisha, nikapaza sauti, nikazungumza kama niliyesomea udaktari. Dada akaendelea na chai yake. Aliyefanikiwa ni mke wangu, aliyemwambia taratibu, "Wifi, twende ukaonwe tu. Usipopenda, tunarudi." Dada akakubali, akavaa sweta lake zito na kufunga kitenge kipya, kama anayekwenda kanisani.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeng'oa wangapi leo?"

Binti akacheka, akampa kioo ashike mwenyewe. Akamwonyesha ugaga ulivyoingia chini ya fizi na kuzisukuma. Halafu akasema jambo ambalo mimi nisingethubutu kulisema. "Sitakudanganya, bibi. Ugaga ukitoka, meno yatacheza zaidi kwa muda, maana hata sasa yamelegea, ugaga umeyaegemeza tu. Fizi zikipona zitayakamata. Ila hili la katikati siwezi kukuahidi. Tukiuacha ugaga, yote yataondoka moja moja."

Dada akanigeukia na kuniuliza kwa Kifipa, "Wewe unasemaje?"

Kubishana mezani nyumbani ni rahisi. Sasa alikuwa ananikabidhi meno yake ya mwisho. Nikasema asafishwe.

Mashine ikaanza kulia na kurusha maji. Vipande vya ugaga vikawa vinadondoka kwenye bakuli kama changarawe. Walikuwa wamepatana kwamba dada akiinua mkono, daktari anasimama. Akauinua. Mimi nikaruka kwenye kiti.

"Umekula, mjukuu?" dada akauliza. "Mikono yako ya baridi."

"Nimekula, bibi."

"Haya, endelea."

Daktari alipomaliza, dada akapitisha ulimi nyuma ya meno. Tukiwa njiani akasema neno moja tu, kwamba upepo unapita. Nyumbani akagusa meno kwa kidole, nayo yakacheza kweli, zaidi ya mwanzo, kama tulivyoambiwa. Hakunisemesha. Alikula uji na maharage yaliyopondwa, akapiga mswaki laini asubuhi na jioni, akasukutua, yote kama alivyoelekezwa, lakini kwa hasira. Alimwambia mke wangu kwamba anafuata masharti yote ili yakianguka ijulikane kosa ni la nani.

Zile zilikuwa siku ngumu kwangu. Nilimletea migebuka wakavu kutoka Kasanga, samaki anayempenda kuliko wote. Akawatazama, akawafunga tena kwenye gazeti, akaniachia hapo mezani. Nilijiona mpumbavu. Mtu aliyenitafunia chakula, nami nimemnyang'anya cha kutafunia!

Basi mchana mmoja nikatoka uani, nikamkuta ameketi juani, ameshika mgebuka kwa mikono miwili. Akauma, akavuta, nyama ikachanika. Nikasimama palepale. Akatafuna kwa subira, huku akitazama kuku. Lile jino la katikati lilikuwepo, nalo lilikuwa kazini pamoja na wenzake.

"Chumvi imezidi," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu tufike nyumbani kutoka kwa daktari.

Nikaingia chumbani nikalia kama mtoto, kwa furaha. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru yule binti ambaye hakutudanganya, nikamshukuru na mke wangu kwa ulimi wake mtamu, maana ningeachiwa mimi na makelele yangu tusingefika popote.

Tulirudi kwa daktari kama alivyotaka. Akakagua, akabonyeza fizi, damu haikutoka. Jino la katikati bado lilikuwa na mchezo kidogo, akasema, lakini limekamata. Dada akateremka kwenye kiti, akatengeneza kitenge chake. Nikachukua koti tuondoke.

"Bado mgonjwa mmoja," dada akasema.

Daktari akatazama mlangoni. "Yuko wapi, bibi?"

"Huyu hapa, mtoto wangu. Anafokea watu kuhusu meno, yeye mwenyewe hajasafishwa tangu azaliwe."

Nina mvi kichwa kizima. Nilitaka kusema nina kazi, nitakuja siku nyingine, lakini dada alikuwa amekwishanivua koti. Nikalala kwenye kile kiti. Akasimama kando yangu, akanishika kidevu.

"Panua vizuri," akasema. "Usiogope, niko hapa."