Nkambo na Ngoma ya Leso

Katika kambi ya reli ya Kamina, miaka ile kabla ya uhuru, nyumba yetu ilijulikana kwa kelele, na mimi ndiye niliyeongoza. Lakini wiki moja kabla ya sikukuu ya shule tulinyamaza wote. Nkambo, yaani bibi yetu mzaa mama, alikuwa ametuma neno kwamba atakuja kututazama tukicheza.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kijiji chake kilikuwa karibu, mtu akitoka alfajiri anafika mjini kabla ya jua kuwa kali, lakini hakuwahi kukanyaga kwetu. Baba alitoka Kasai kufuata kazi ya reli. Alipomposa mama alikwenda na mafundi wenzake, na zawadi alizipeleka zote. Ila hakuna hata mmoja wa damu yake aliyekwenda kupiga magoti mbele ya nkambo na kumsalimia, kama Waluba, watu wa mama, wanavyotaka. Njia ya kutoka Kasai ilikuwa ndefu na wazee wake hawajiwezi. Nkambo hakutaka kusikia habari hiyo. Mama alikuwa akienda kumtembelea peke yake, na sisi wawili, mimi na mdogo wangu, tuliitwa huko "batoto ya reli", kana kwamba tulizaliwa na garimoshi. Neno hilo liliniuma sana.

Kwa hiyo mama alitufundisha salamu kwa bidii kuliko masista walivyotufundisha ngoma. Magoti chini, kichwa chini, makofi polepole, na usiinuke mpaka mkubwa aitikie.

"Mukimuona tu," alirudia kila jioni, "magoti chini."

Baba alikaa mlangoni akisugua mikono kuitoa grisi.

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa watu. Nkambo alikaa benchi la mbele, kilemba chekundu kichwani, na mapajani alikuwa na kifurushi cha mihogo ya kuchemsha na karanga. Alijibebea chakula ili asije akala chini ya paa la baba. Mama alikielewa kifurushi kile mara moja, na uso ukamshuka.

Ngoma yetu sijui kama inastahili jina hilo. Sista alipiga kinanda, nasi wasichana tukazunguka duara tukipunga leso nyeupe, migongo imenyooka kama mpini wa jembe. Nkambo alimgeukia mama akamwuliza, kwa sauti ya kusikika hata kwetu, ni ngoma gani hii, na miguu yake iko wapi. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka. Nilikasirika, nikapunga leso yangu kama mtu anayefukuza nzi.

Duara likamfikisha mdogo wangu mbele ya benchi lile. Alikuwa bado mdogo, na alichoambiwa alikishika kama kilivyo. Alipomwona nkambo alitoka kwenye duara, akaweka leso chini, akapiga magoti vumbini, akainamisha kichwa na kuanza makofi yake polepole.

Aliyemfuata alimkwaa, na wa nyuma akamkwaa huyo. Kinanda kikakatika. Sista alikuja mbio, akamshika mkono amwinue, lakini mdogo wangu akajifanya mzito, kwa kuwa alikuwa hajaitikiwa. Wazazi walijua kinachongojwa, wakamgeukia nkambo. Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa, ametoka karakana moja kwa moja, akavua kofia. Mimi nilimchukia bibi yule, na papo hapo nikamwomba Mungu amfungue mdomo.

Nkambo alikitazama kile kichwa kidogo kwa muda. Mdogo wangu ana paji la uso la baba, na masikio ya baba, na mtu asingeweza kudanganyika kuhusu damu ile. Mwishowe nkambo aliweka kifurushi chini, akapiga makofi ya kuitikia, laini, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo.

"Eyo," aliitikia. "Eyo, mutoto ya mutoto yangu. Simama sasa, ucheze."

Mama alilia waziwazi. Sista hakuelewa lolote, maskini, akarudi kwenye kinanda chake. Safari hii nkambo alisimama, akatupigia makofi kwa mwendo wake mwenyewe, wanawake wengine wakamfuata, na kinanda ikabidi kitufuate sisi. Leso zilibaki mikononi lakini miguu ilipatikana. Nilimsikia akiwaambia watu wa benchi lake kwamba yule mdogo ni wake. Halafu akaninyooshea kidole.

"Na ule murefu kule, naye njo wangu."

Sijawahi kucheza vile tena, na nimecheza kwenye arusi nyingi.

Baada ya sikukuu alitufuata mpaka kambini bila kuombwa. Mama alipika bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Baba alibaki nje, maana mwanamume hali pamoja na mama mkwe wake. Nkambo aliketi kwenye mkeka, akafungua kifurushi chake, nasi tukakodoa macho. Mihogo yote na karanga zote alitugawia sisi wawili. Kisha akanawa mikono.

"Lete bukari," alimwambia mama. "Miye niko na njala."

Nje, chini ya dirisha, nilimsikia baba akipenga kamasi.