Hamira ya Kiganjani

Mama Chupa ameosha vyombo vya maabara yetu miaka ishirini na miwili. Mumewe, rafiki yangu, alikuwa fundi humo humo: mbishi kupindukia, havai glavu hata umpigie magoti. Siku moja tangi zima la hamira likaingiliwa na hamira ngeni. Wanasayansi wakaja juu, kisha wakanywea. Ile ngeni, waliyoikuta kwenye kiganja cha fundi, iligeuza mabua kuwa mafuta ya magari haraka kuliko zao zote. Wakaizalisha, wakawagawia wenzao wa nchi nne.

Fundi alifariki mwaka juzi. Hamira yake ikaendelea kutoa povu.

"Chumba cha matangi kinanuka shati lake," Mama Chupa aliniambia.

Nikamwambia aache upuuzi.

Wiki iliyopita bosi alipata hamira bora zaidi, akaagiza ya zamani iuawe yote. Kuua kwa mvuke ni kazi ya Mama Chupa. Nilimkabidhi chupa arobaini, akazipakia kwenye mashine, akaiwasha, macho makavu. Zilipotoka nikahesabu thelathini na tisa. Nikajifanya sikuona.

Kesho yake alikuja kazini anatabasamu.

"Umeiweka wapi?" nikamnong'oneza.

"Jikoni, juu ya kabati. Nimeitilia sukari, nikafunga mlango kwa ufunguo."

"Sasa unachekea nini?"

"Shemeji, nimeamka leo, upande wake wa kitanda una joto."