Jani la Isale Mezani kwa Sista

Juzi nilikuwa ofisini kwa sista mmoja hapa Moshi, anayeongoza shirika la Kikatoliki linalosaidia jumuiya ndogondogo za vijijini. Mara wakaingia kina mama watatu wa jumuiya moja ya Kibosho. Hata "Tumsifu Yesu Kristo" hawakusema. Mwenyekiti wao alinyoosha mikono yote miwili, akaweka jani la isale mezani.

Uchaggani ukiletewa isale unaombwa msamaha, na kukataa hakuna. Sista akasimama. "Jamani, mmefanya nini?"

"Yule ng'ombe uliyetupatia amezaa. Jike!"

Sista akapiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia dirishani. "Sasa kosa liko wapi?"

"Ndama tumeshamwahidi mtu."

Masharti ya shirika ni kwamba ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jumuiya nyingine. Sista akauliza, "Jumuiya ipi?"

"Si jumuiya, Sista. Ni jirani yetu, Mlutheri. Ndama alipokwama, sisi tulipiga magoti tukasali rozari. Yeye alikunja mikono ya gauni, akamvuta."

Sista alicheka hadi akavua miwani. Akaliokota lile jani, akalishika kifuani. "Mmeniweza. Mpeni."

"Kuna jingine. Siku ya kumkabidhi, padri akija kumbariki ndama, jirani anaomba na mchungaji wake awepo."

"Waje wote wawili! Huyo ndama atabarikiwa kuliko mimi."

Mimi nilikuwa nimekwenda kumuuliza Sista, kwa ajili ya safu hii, jumuiya maana yake nini hasa. Nikajikuta nauliza sherehe ni lini.