Louisville Hadi Buffalo kwa Gari

Nakumbuka siku moja ya baridi, mwanangu, nikiwa bado kijana mwenye haraka, nimeketi chumbani kwangu Louisville, huku Marekani, nikipima njia kwenye simu. Dada yetu Yasinta alikuwa anaolewa Buffalo. Kwa gari ni mwendo wa saa nane. Kwa ndege, ukiruka moja kwa moja, ni saa moja na kidogo tu. Nikacheka peke yangu.

Kaka yangu Meshaki alikuwa amekodi gari kubwa. Wangepita Columbus, wamchukue baba mkubwa Ezekieli nyumbani kwake kitongoji cha Hilliard, halafu waendelee.

"Twende wote," Meshaki akanisihi. "Baba mkubwa amekuulizia."

"Nyinyi kaeni barabarani siku nzima," nikamjibu. "Mtanikuta huko nimeshaoga na kula."

Tiketi sikuisoma vizuri. Ndege ya moja kwa moja haikuwepo. Nilipelekwa kwanza mji mwingine, kusini zaidi, nikakaa kwenye kiti kigumu tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu Buffalo theluji ilikuwa inaanguka. Nilipofika kwa Yasinta, mtaa wa Black Rock, gari la Meshaki lilikuwa limeegeshwa nje, na vyombo vimeshaoshwa.

Lakini si kuchelewa kulikoniuma. Niliwakuta wanacheka huku wanafuta machozi. Baba mkubwa, mtu ambaye miaka yote kule kambi ya wakimbizi Tanzania hatukumsikia akisema maneno kumi mfululizo, alikuwa amewasimulia habari za marehemu baba yetu njia nzima. Alivyomwimbia mama kwa sauti mbaya mpaka akamkubali. Alivyovuka mto wa mpakani akiwa amenibeba mgongoni. Mimi, mwanangu! Na mimi hata sura ya baba siikumbuki.

Nikamwomba anisimulie na mimi. Akaniangalia kwa upole.

"Nilikuwa nazungumza na watu niliosafiri nao," akasema. "Jumatatu tunarudi. Panda gari."

Baada ya harusi, tiketi yangu ya kurudi nikaiacha ipotee. Tulipotoka Buffalo alianza taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Tulipofika Hilliard alikuwa ndiyo kwanza amemfikisha baba ukingoni mwa mto.

"Iliyobaki, na alichokuambia baba yako ng'ambo ya mto," akasema akishuka na mfuko wake, "uje kunitembelea nikusimulie."

Columbus ni saa tatu tu kutoka kwangu. Nilisema wiki ijayo. Kisha ghalani nilikofanya kazi wakatuongezea zamu, nikasema mwezi ujao. Kabla ya kiangazi tulikuwa tumemzika baba mkubwa.

Meshaki hujaribu kunisimulia, lakini anachanganya mambo, na kila tukikutana kisa kinabadilika. Sasa nina mvi, na bado sijui baba aliniambia nini tulipofika ng'ambo.

Basi nakuomba, mwanangu, ukipima safari usiangalie saa peke yake. Uliza pia nani yumo garini. Na kama kuna mzee wako aliye mbali nawe saa tatu tu, mwendee wiki hii, ukae naye mpaka amalize. Mungu akulinde njiani, akupe watu wema wa kusafiri nao, na akujalie kuwasikia wazee wako wakiwa bado wana sauti.