Meno Kumi na Matatu

Pikipiki iliyopunguzwa meno ya mbele naijua kwa sauti kabla sijaiona. Nakaa hapa Katoro kwenye kibaraza changu cha ushonaji, miguu kwenye cherehani, na vijana wanapita mchana kutwa na viroba vya mawe kutoka machimboni kwenda kusagisha. Pikipiki ya kawaida hunguruma. Hii nyingine hulia, tena kwa sauti nyembamba kama ya mtoto aliyenyimwa kitu, na ukiitazama mwendo wenyewe huuoni. Wateja wangu hushangaa ninavyoacha kushona ikipita. Nawaambia uzi umekatika. Ninyi hamnijui, kwa hiyo nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa, na nyumbani kwetu kulikuwa Tinde, pale njia panda ambapo mabasi mengine hushika njia ya Nzega na mengine huelekea Kahama. Baba alikuwa dereva wa bodaboda. Kazi hiyo pale Tinde haikuwa kazi ya kwenda mbali, ilikuwa kazi ya kuwahi. Basi likipunguza mwendo, pikipiki kumi na kitu zinachomoka kivulini kwa pamoja, na anayefika mlangoni kwanza ndiye anayepata abiria. Wa pili anapata moshi. Pikipiki ya baba ilikuwa nzee, inakohoa, na baba akawa mtu wa kupata moshi siku nzima.

Ndipo akaenda machimboni Geita msimu mmoja, kubeba mawe kwa pikipiki hiyo hiyo kutoka mashimoni hadi kwenye mashine za kusaga. Dhahabu hakurudi nayo, ila alirudi na ujuzi. Wenzake kule, ili wapande vilima na mzigo, walikuwa wakibadilisha sproketi ya mbele, kile kigurudumu kidogo cha meno kinachovuta cheni. Wanatoa yenye meno kumi na matano, wanaweka ya kumi na matatu. Baba alilizungumza jambo hilo kwa siku tatu mfululizo, hata wakati wa kula. Tatizo ni kwamba cheni ilikuwa imekwisha, na pistoni nayo imekwisha, na pesa ndiyo kabisa.

Mama alikuwa na mtamba wake. Nasema wake kwa maana yake, si wa boma letu. Babu, baba yake mama, alimpa wa kwanza siku ya ndoa yake kule Ushirombo, ili binti yake asikose maziwa ugenini. Huyo wa kwanza alizaa, na mtamba ninayemsema ni mjukuu wake, mwekundu mwenye doa jeupe pajini. Mama alimwita kwa ulimi na mtamba akaja, kama kuku. Siku ya mnada baba alimtoa pamoja na ng'ombe wengine kwenda kunyweshwa maji. Jioni ng'ombe wengine walirudi. Baba alirudi nyuma yao na mfuko mweusi wa plastiki, ndani mna vipuri vinavyonuka grisi mpya, akasema, "Mama Minza, nitakurudishia wawili."

Mama yangu akikasirika hupika vizuri, na wiki ile tulikula nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, iliyoungwa kwa karanga mpaka nikatamani wagombane kila mwezi. Nasikia aibu ninapolikumbuka hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba alifungua pikipiki uani, mimi nimekaa juu ya debe nikishika kopo la boliti. Aliitoa sproketi ya zamani, nyeusi kwa grisi, kisha akanipa ile mpya. "Mayu, hesabu," akaniambia, maana mtoto wa kike kwetu huitwa mama. Nikaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza nisije nikalirudia, nikazunguka nalo mpaka kumi na matatu. Akafurahi kama vile nimefaulu mtihani. Akanieleza kwamba meno yakipungua mbele, pikipiki inapata nguvu ya kuondoka, inachanganya kama imetukanwa. Ikishashika kasi ndipo inapochoka mapema, haifiki ilikokuwa ikifika.

"Lakini sisi kasi ya nini?" akasema. "Kutoka kivulini mpaka mlango wa basi ni hatua hamsini."

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua choroko. "Na ya hamsini na moja?" akauliza. Baba akacheka. Mama akapita na ndoo kichwani bila kugeuza shingo. Habari za pikipiki ile hakutaka kuzisikia, wala hakuuliza kilichowekwa ni nini.

Ikawa kweli. Kuanzia siku ile baba hakupitwa tena na mtu. Basi likionekana tu, pikipiki yetu inaruka kutoka kivulini, gurudumu la mbele linataka kunyanyuka, na wenzake wakampa jina la Chomoka. Nikitoka shule nilikuwa napitia stendi kumtazama. Mtoto ambaye baba yake ni wa kwanza hutembea tofauti, na mimi nilitembea tofauti kwa muda wa kama wiki tatu.

Asubuhi moja ya likizo mama aliniambia nimsindikize stendi. Alimwacha mdogo wangu kwa Bibi. Alikuwa na begi lake la bluu, na badala ya kwenda kukaa pale wanapokaa abiria, alisimama nyuma ya kibanda cha chipsi, mimi pembeni yake, tukitazama barabara kupitia upenyo wa mabati. Likaja basi la Kahama. Chomoka akaruka. Alifika mlangoni wenzake wakiwa bado wanapiga kiki, akampakia mwanamke mwenye ndoo mbili, akaondoka naye kuelekea upande wa shule. Niliruka juu kwa furaha. "Baba wa kwanza, mama, umeona?"

"Nimeona," akasema. Akanifuta kamasi kwa pindo la kitenge chake. "Akirudi mwambie nimekwenda Ushirombo kwa baba yangu. Mwangalie mdogo wako." Kisha akatoka nyuma ya kibanda, akapanda basi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anamsubiri baba ashinde. Alijua atakuwa wa kwanza, na wa kwanza ndiye anayeondoka na abiria.

Basi lilikaa kidogo wakifunga magunia, likaondoka. Nalo halijafika mbali baba akarudi, anatabasamu. Nikampa ujumbe kama nilivyotumwa.

"Amebeba kapu au begi?"

"Begi."

Tabasamu likamtoka. Kwetu mwanamke anayekwenda kusalimia wazazi hubeba kapu, ndani mna karanga au mchele wa kupeleka. Begi ni nguo. Na hata mimi, kwa umri ule, nilijua jambo la pili. Mke akiondoka na hasira, mume akimkuta njiani, yanabaki kuwa maneno ya watu wawili. Akishakanyaga uwanja wa baba yake, yanakuwa maneno ya ukoo, na hapo huitwa wazee na watu wenye vinywa vyao, na hakuna tena anayeuliza mke na mume wanataka nini.

"Panda," baba akasema.

Tuliondoka kwa nguvu iliyonirudisha nyuma nikaona mawingu. Nilimkumbatia kiunoni, shavu mgongoni kwake, koti linanuka petroli na jasho. Barabara ya kwenda Isaka imenyooka na nchi ni tambarare, mbuga na mashamba ya mtama uliokwisha vunwa. Basi tuliliona mbele yetu. Likasimama kumpakia mzee mwenye kuku, nasi tukalikaribia mpaka nikasoma maandishi ya nyuma, KAWIA UFIKE, na juu ya maandishi, kwenye kioo, nikamwona mama. Alikuwa ametugeukia. Baba alipiga honi. Lakini dereva gani wa basi anasikiliza honi ya bodaboda? Zilibaki hatua kama arobaini basi likang'oka.

Kwa kitambo kidogo tulikwenda nalo sawa. Kisha gia zikaisha. Baba alikuwa kwenye gia ya mwisho, ameizungusha mafuta mpaka mwisho, amelala juu ya tangi, na injini inalia kwa ule mlio ninaowaambia. Mimi niliamini kelele. Nilidhani inavyopiga kelele ndivyo tunavyokimbia, nikapiga kelele na mimi, "Twende baba, tunalipata," na wakati huo huo macho yangu yanaona kioo kinakuwa kidogo. Sikuelewa. Nilimpiga baba mgongoni kwa viganja kama mtu anayempiga ng'ombe wa kukokota. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kupiga.

Kama kungekuwa na mlima au kona tungelipoteza mara moja, ikaisha. Lakini nchi yetu haifichi kitu. Tulilitazama basi likienda kwa muda mrefu sana, likawa kama kibiriti, likawa doa, na baba hakuacha kuizungusha mafuta hata lilipokuwa doa. Tulifika Isaka, penye reli, tukaambiwa limetoka. Baba aliweka mkono kwenye injini akautoa haraka, imemuunguza. Akaninunulia maandazi mawili, yeye akanywa maji. Tukarudi polepole.

Jioni ile alitoa spana, akaitoa sproketi ya meno kumi na matatu, akarudisha ile ya zamani iliyokuwa imetundikwa msumarini. Hakuniita kuhesabu. Bibi alimtazama mpaka alipomaliza, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mbio za sakafuni," na hakumalizia. Tangu hapo baba hakuwa tena wa kwanza stendi.

Wazee walikwenda Ushirombo mara tatu. Babu hakutaka ng'ombe wa faini, alimtaka mtamba yule yule, mwekundu mwenye doa jeupe, na yule alikwisha liwa zamani na watu wasiojua hata jina lake. Mama hakurudi. Tulikwenda kwake likizo, mimi na mdogo wangu, na kila tulipokwenda alitupikia vizuri.

Cherehani ndiyo iliyonifundisha. Ukitazama gurudumu kubwa la chini linavyozungusha lile dogo la juu, utaelewa ninachosema. Nikaelewa kwamba baba alijua. Alijua tangu basi lilipong'oka pale kwa mzee wa kuku, maana yeye ndiye aliyeyapunguza meno. Pikipiki yake ilitengenezwa kuliwahi basi linalosimama, haikutengenezwa kulifukuza linaloondoka. Alikwenda mpaka Isaka akijua, na mimi nyuma yake nampiga.

Mwaka jana, miezi mitatu baada ya kumzika baba, nilikwenda Ushirombo. Mama alikuwa anapepeta mchele. Sijui kilichonituma, nikamuuliza kama siku ile alituona.

"Niliwaona," akasema. "Nilikuwa na begi mapajani. Nilisema moyoni, likisimama Isaka nikawaona, nashuka." Akapepeta kidogo. "Nikatazama nyuma. Nikaona anabaki, anabaki. Nikajua amepunguza mwendo, hanitaki."

Ndani ya basi, nyuma ya kioo, ule mlio hausikiki. Nikamweleza yote, meno ya mbele na kazi yake, chaki yangu, mkono wa baba ulioungua. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia. Kisha akaniuliza yalipungua mangapi.

"Yalikuwa kumi na matano. Tuliweka kumi na matatu."

"Mawili," mama akasema. Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akaendelea kupepeta.